Tukuli Haina Ghorofa: Kusoma Kitabu cha Dini za Kienyeji Tukiwa Koboko

Kitabu nitakachozungumzia kinaitwa Understanding Folk Religion. Kilitoka Marekani mwaka 1999 na waandishi wake ni watatu: Paul Hiebert, Daniel Shaw na Tite Tiénou. Kinafundisha wachungaji na wamisionari namna ya kupeleka Injili kwa watu ambao bado wanashika dini za kienyeji, yaani mambo ya mizimu, waganga, hirizi, ndoto na uchawi. Nakala niliyosoma iliachwa kwenye kabati la kituo chetu cha vijana na mgeni aliyekuja kutoa semina ya siku mbili. Ni kinene, na Kiingereza chake ni kizito. Nimekisoma miezi minne, jioni jioni, kadiri taa ya sola ilivyoruhusu, nikisaidiana na rafiki yangu katekista.

Niseme mapema: mimi si mchungaji wala mtu wa chuo. Nimesoma mpaka S.4. Nafanya kazi na vijana hapa Lobule, na mara nyingine natumwa Arua au Rhino Camp. Lakini kitabu kikisema kinajua watu wanaogopa nini usiku, basi na sisi tunaolala huku tuna haki ya kukijibu. Jibu langu ni hili: kitabu ni kizuri, kizuri kuliko vingi vya aina yake, na wafanyakazi wa mashirika nao wangepaswa kukisoma. Ila kinakosa jambo moja, na jambo hilo huku kwetu linafukuza watu nyumbani mwao.

Ghorofa ya katikati

Hiebert alizaliwa India, wazazi wake wakiwa wamisionari, na yeye mwenyewe akafanya kazi hiyo hiyo kule. Alichokigundua ni kwamba mzungu msomi kama yeye alikuja na nyumba ya ghorofa mbili kichwani. Juu kuna Mungu, dhambi, mbingu na uzima wa milele. Chini kuna mambo ya sayansi: mbu, vijidudu, mbolea, hospitali. Lakini watu aliowahubiria walikuwa na ghorofa moja zaidi, katikati, na humo ndimo yanamokaa maswali ya kila siku. Nikiyaweka kwa lugha ya huku: kwa nini mtoto wangu afe na wa jirani apone, wakati wote tulipewa neti ile ile ya mgao? Nani amefunga tumbo la binti yangu? Safari ya kurudi kuangalia shamba Kongo, niende wiki hii au ningoje? Ndoto ya marehemu baba inataka nini kwangu?

Mmisionari hakuwa na jibu la hapo katikati, kwa sababu kwake yeye hapo hapana kitu. Matokeo yake kila mmoja wetu ameyaona. Mtu anakwenda kanisani Jumapili kuuliza habari za mbinguni, na Jumanne usiku anakwenda kwa mganga kuuliza habari za mtoto wake. Waandishi hawamwiti mnafiki. Wanasema kanisa ndilo lililomwachia chumba kitupu, naye akatafuta mtu wa kukikalia.

Kisha wanatoa njia ya hatua nne. Kwanza, jifunze desturi ya watu bila kuihukumu, uielewe kama wao wanavyoielewa. Pili, ipime kwa Biblia na kwa ukweli wa mambo. Tatu, waumini wenyewe wakae pamoja, waamue kipi kibaki, kipi kiachwe, kipi kigeuzwe. Nne, huduma iwasaidie kuishi kile walichoamua. Hawataki mchungaji akatae kila kitu, na hawataki apokee kila kitu.

Kinachonifurahisha ni kwamba hawacheki. Sisi tumechekwa sana. Mhubiri anatucheka kwamba tunaogopa majani na mifupa. Mwalimu wa afya naye anatucheka, kwa upole kidogo, akisema ni “mila potofu”. Mama aliyepoteza mtoto anatoka mikutano yote miwili na swali lake likiwa mkononi bado.

Majina matatu ya Mungu

Hatua ya kwanza ni kujifunza, basi tujifunze kidogo, tuone kama nyumba ya ghorofa tatu inatosha huku.

Mlugbara akiomba kanisani Arua anasema Mungu. Ndiyo, neno hili letu la Kiswahili. Lilikuja na wageni karne iliyopita, likakaa kwenye sala na kwenye Biblia ya Kilugbara mpaka leo. Je, Walugbara hawakuwa na neno? Walikuwa nalo. John Middleton, Mwingereza aliyeishi kati yao karibu na mwaka 1950 na kutoa kitabu Lugbara Religion mwaka 1960, anaeleza kwamba walisema Adroa, muumba aliye juu, mbali. Lakini walisema pia Adro, ambaye yuko hapa chini, kwenye vijito na vichaka, karibu na watu na wa kuogopwa. Ni pande mbili za uwezo mmoja. Kanisa likamtaja wa juu kwa jina la kigeni. Yule wa mtoni hakuhamishwa na mtu. Alibaki kule kule mtoni.

Hapa Koboko Wakakwa walipona hilo. Wao kanisani wanasema Ngun, neno lao wenyewe, na ndugu zao Wabari huko Sudani Kusini walikuwa wakimtaja Ngun wa juu na Ngun wa chini. Tena juu na chini, na jina ni lile lile.

Kwa Waacholi mambo yalikuwa ya kuchekesha na ya kusikitisha. Okot p'Bitek, mtoto wa Gulu, katika kitabu chake African Religions in Western Scholarship anasimulia jinsi mapadri Waitalia mwaka 1911 walivyowauliza wazee nani aliwaumba. Neno la kuumba halikuwepo, basi swali likageuka kuwa nani aliwafinyanga, kama chungu. Wazee wakajibu Rubanga, kwa sababu kuna mtu anazaliwa vizuri halafu mgongo unapinda, na huyo wanasema amefinyangwa na Rubanga, roho ya ugonjwa wa mgongo. Mapadri wakafurahi, wakaandika. Mpaka leo Waacholi wanasali kwa jina hilo.

Okot hakusimulia ili tucheke tu. Alikuwa anasema kwamba swali lenyewe lilitoka kwa wageni. Walikuwa na umbo la dini tayari, wakaja kutafuta vitu vya kujaza ndani yake. Na mimi namwuliza Hiebert na wenzake swali la Okot: ghorofa ni za nani? Kama Adro wa mtoni na Adroa wa mbinguni ni uwezo mmoja, na Ngun wa juu na wa chini ni jina moja, hapo katikati pako wapi? Nyumba ya huku ni tukuli. Ukiingia, uko ndani yote kwa mara moja: moto, kitanda, chakula, mgeni, mgonjwa. Tukuli haina ghorofa. Hiebert anaiona nyumba ya wazungu kuwa imekosa ghorofa moja, naye anairudisha. Kwa wasomaji wake huo ni msaada mkubwa. Kwetu, mchoro bado ni wa nyumba ile ile.

Ugonjwa ulikuwa unaita kikao

Lakini kosa la mchoro si kubwa sana. Michoro ni ya kufundishia. Kubwa ni lile ambalo mchoro unaficha, na Middleton, ingawa hakuwa mmisionari, ndiye aliyenionyesha.

Kitabu chake kinasema dini ya Walugbara ilikuwa pia habari ya nani ana sauti katika ukoo. Kijana akimtukana mzee, au ndugu akinyima ndugu chakula, mzee anaweza kukaa karibu na vibanda vya ori, yaani marehemu wa ukoo, akanung'unika moyoni. Marehemu wanasikia. Mkosaji anaugua. Wanakwenda kupiga ramli kujua ugonjwa umetoka kwa nani. Mnyama anaahidiwa, na mgonjwa akipona ndipo anachinjwa. Watu wa ukoo wanakuja, wazee wanasema maneno marefu juu ya ukoo na juu ya ugomvi, nyama inagawanywa, wanakula. Middleton anaonyesha pia hila zilizokuwemo: wazee waligombea nani amesababisha ugonjwa, kwa sababu aliyesikiwa na marehemu ndiye mwenye mamlaka.

Sisemi turudi huko. Mimi ni Mkristo, na tena nisingependa mzee apewe ruhusa ya kuniuguza kwa sababu nimembishia. Ila angalieni ugonjwa ulifanya nini. Ulivuta watu wakae chini pamoja. Ugomvi uliofichwa ulisemwa mbele za watu. Mwisho walikula sahani moja. Mchawi wa usiku, yule wanayemwita oleu, alikuwepo katika fikra zao, lakini njia ya ori ilikuwa pale pale, na ilikuwa njia ya ndugu.

Sasa mje Lobule, au Rhino Camp, au Imvepi. Vibanda vya ori viko wapi? Vimebaki ng'ambo, au babu zetu waliviacha zamani walipobatizwa. Ukoo uko wapi? Mmoja yuko Koboko, mwingine Yei, mwingine amezikwa Aru. Jirani yangu wa kulia nilimkuta hapa. Turubai lake na langu ziligawiwa siku moja, hiyo ndiyo historia yetu yote. Mtoto akiugua hakuna kikao cha kuitwa. Hakuna mzee wa kusema habari za ukoo, kwa sababu ukoo haupo. Mnyama wa kuchinja pia hakuna, posho yenyewe imepunguzwa.

Swali la nani amefanya linabaki. Na likikosa ndugu wa kuangukia, linamwangukia mgeni. Walugbara wanasema enyanya. Sisi wa Kongo tunasema sumu tu, na wale wa Kivu wana jina lao, karuho. Ukisikiliza bombani utasikia mara ngapi kwa wiki: “Usikule kwa ule mama. Ule mama iko na sumu.” Njia ya ori ilikuwa ya ndugu kwa ndugu na ilikuwa na mwisho, nyama inagawanywa. Njia ya enyanya haina mwisho wa namna hiyo. Inaisha mtu akiondoka, au akifa.

Mama wa mandazi

Nieleze jambo moja nililoliona, nikiwaficha wahusika wote na makazi yenyewe.

Mjane mmoja alikuwa anauza mandazi karibu na bomba. Binti yake alikuwa golikipa katika timu yangu ya wasichana, mzuri kweli, mikono mirefu. Mtoto wa nyumba ya tatu akafa kwa homa baada ya siku mbili. Karatasi ya kituo cha afya ilisema malaria kali. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na maombi ya usiku chini ya hema, na mtumishi aliyealikwa kutoka nje akatabiri: adui yenu anakunywa maji ya bomba moja na ninyi, na mlango wake unatazama jua linapotoka. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Watu walirudi nyumbani gizani wakihesabu milango.

Hakuna aliyempiga yule mama. Mandazi tu hayakununuliwa. Kwenye foleni jerikeni lake likawa linasukumwa nyuma. Usiku wa nne mawe yakatua juu ya turubai. Usiku wa sita akahama na watoto watatu, na mizigo kwenye boda mbili. Ripoti iliandikwa: “mgogoro wa jamii, familia imehamishwa kwa usalama.” Binti yake alikuwa S.2 na mitihani ilikuwa imebaki wiki mbili. Hakuifanya.

Hebu turudi kwenye kitabu na hatua zake nne, tumtafute mama huyu ndani yake. Hatua ya kwanza, kujifunza imani bila kuhukumu: sawa, tumejifunza kwamba watu wanaamini sumu. Hatua ya pili, kupima kwa Biblia: yule mtumishi naye ana Biblia, na Kutoka 22:18 anaijua kwa kichwa. Hatua ya tatu, waumini wakae waamue. Hapo ndipo ninaposimama na kufunga kitabu. Waumini ni akina nani? Ni wale wale waliohesabu milango.

Waandishi wana imani kubwa na kusanyiko, na ninaelewa kwa nini. Wanataka mzungu aache kuamua peke yake. Ni jambo la haki, na Tiénou, ambaye ni Mwafrika wa Burkina Faso, bila shaka aliona mengi ya kumfanya alitake. Lakini kusanyiko linaweza kuwa ndilo linaloshtaki. Tim Allen, mtafiti kutoka Uingereza, alikaa Moyo mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Wamadi walikuwa wanarudi kutoka ukimbizini Sudani, na ameandika juu ya wanawake walioshtakiwa sumu na majirani zao, wengine wakauawa. Watu waliorudi, waliochanganyika upya, waliozika watoto, wasiojuana vizuri. Nikiisoma habari hiyo naona ni sisi kabisa.

Sisemi kitabu hakijui wivu na ugomvi. Kinavijua. Lakini uzito wake wote uko kwenye imani: watu wanaamini nini, imani hiyo ina maana gani, Injili inaijibuje. Mifano inatoka India, Papua Guinea Mpya, Afrika, inapangwa pamoja vizuri kama vitu kwenye rafu. Katika rafu ile mtu anaamini, lakini hana jirani. Hakuna sura inayomwendea aliyetajwa na kumwuliza wewe utalala wapi leo.

Wenzetu wa mashirika

Ndugu zetu wafanyakazi wa misaada wanaosoma jarida hili wasifikiri hii ni habari ya wachungaji peke yao. Ile nyumba ya ghorofa mbili ambayo Hiebert aliiona kichwani mwake iko pia kwenye fomu zenu. Juu mnaandika haki za binadamu. Chini mnaandika malaria, lishe, choo. Katikati mna kisanduku kimoja kinachoitwa “mgogoro wa jamii” au “mila potofu”, na humo mnatia kila kitu: ndoto, laana, sumu, mahari, pepo. Mtu wa saikososho anamwuliza mama aliyefiwa analala saa ngapi. Hamwulizi anafikiri nani amemuua mtoto wake. Jibu analo, na kesho jibu hilo litamfikia mtu bombani.

Najua kwa nini mnaogopa kuuliza. Mnaona mkiuliza mtakuwa mmekubali kwamba uchawi upo. Hapo kitabu hiki kinaweza kuwasaidia kweli, hatua yake ya kwanza: unaweza kusikiliza mpaka mwisho bila kusema ndiyo na bila kusema hapana.

Na kuna jambo la sheria ambalo vijana wangu hawakulijua. Uganda ina sheria ya uchawi ya mwaka 1957. Mtu mmoja wa kaskazini, Salvatori Abuki, alihukumiwa kwa sheria hiyo kifungo cha miezi 22, na juu yake amri ya kukaa mbali na nyumba yake miaka 10. Alipeleka kesi Mahakama ya Katiba. Mwaka 1997 majaji wakasema amri ile ya kufukuzwa ni kinyume cha katiba, na Mahakama ya Juu ikakubali hivyo mwaka 1999. Yaani huyo alikuwa amefikishwa mahakamani na kukutwa na hatia, na bado majaji walisema huwezi kumwondoa mtu kwenye makao yake na riziki yake. Mama wa mandazi hakufikishwa popote. Alifukuzwa kwa utabiri wa dakika mbili.

Maji ya Rembe na kikombe cha kanisa

Kitabu kina sura juu ya harakati mpya za dini, zinazozaliwa watu wakibanwa. West Nile ina yake, na ingefaa sana katika sura ile. Nabii Rembe alikuwa Mkakwa. Watu wa huku walikuwa wamepigwa na magonjwa ya watu na ya ng'ombe, na bunduki za wageni. Rembe aliwapa maji ya Yakan, na waliokunywa waliamini hayatawadhuru magonjwa wala risasi. Serikali ya Sudani ilimnyonga Yei mwaka 1917. Mwaka 1919 wafuasi wa Yakan walipambana na polisi wa wakoloni huku West Nile, ikazimwa.

Wakoloni waliona uasi, wahubiri wakaona ushetani. Middleton aliona kitu kingine: kwenye vibanda vya ori walikutana watu wa ukoo mmoja, lakini maji ya Yakan walikunywa wa koo mbalimbali, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana. Taabu ilikuwa kubwa kuliko ukoo, basi watu walitafuta kikombe kikubwa kuliko ukoo.

Huku kwenye makazi, kikombe hicho ni kipi leo? Nadhani ni kanisa. Msikiti pia, kwa wale wa msikitini. Hapana mahali pengine ambapo Mkakwa wa Kongo, Mlugbara mwenyeji, Mkuku na Mzande wanakaa benchi moja bila kuitwa na shirika. Ndiyo maana utabiri wa kutaja milango ni mbaya kuliko upumbavu wa kawaida. Unavunja kitu kimoja tulichonacho badala ya ukoo.

Na kanisa lenyewe limewahi kujua njia nyingine. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda yote mpaka Arua, ulikuwa na desturi ya kusimama na kuungama mbele za watu. Ulikuwa na makali yake, wazee wanasimulia. Lakini mlokole alisimama na kusema mimi niliiba, mimi nilimchukia ndugu yangu. Alijitaja mwenyewe. Kutoka kujitaja mpaka kumtaja jirani ni safari ndefu, na sijui kama wahubiri wetu wa hema wanaona wameshaitembea.

Kama ningeongeza sura

Ningepewa kurasa chache mwishoni mwa kitabu hiki, ningeandika hatua ya tano, na ningeiweka mbele ya zile nne. Hatua hiyo ni kwenda kwa aliyetajwa kabla ya kitu kingine chochote. Kukaa mlangoni pake mchana, watu wakiona. Kununua mandazi yake na kuyala pale pale bombani. Mchungaji akifanya hivyo siku moja, amehubiri kuliko semina ya siku mbili. Katekista rafiki yangu anaongeza: na asubuhi inayofuata aende kwa mama aliyefiwa, akae huko pia, asiwe na haraka ya kumwambia ni mbu.

Ndani ya sura hiyo ningeweka Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wanataka kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Ni swali la ghorofa ya katikati kabisa, swali la ramli. Yesu hamtaji mtu. Wala hasemi swali ni la kijinga na kuwatuma zahanati. Anatema mate chini, anatengeneza tope kama mganga yeyote wa huku, anampaka yule mtu macho. Hiebert na wenzake wako sahihi kwamba Injili inaweza kuingia chumba hiki. Ninachoongeza ni kwamba Yesu aliingia humo bila kumtafuta wa kushtakiwa.

Ningeweka pia kikao. Si cha ori, wala cha kuamua nani mchawi. Kikao cha msiba, siku ya saba baada ya mazishi, mchungaji, mwenyekiti wa wakimbizi na mwenyekiti wa LC wakiwepo, ambapo majirani wanaulizwa kuna ugomvi gani kati yenu usio na uhusiano na mtoto huyu: shamba, deni, maji, mwanamume. Useme hapo, uishe hapo, na watu wale pamoja hata kama ni maharage ya mgao. Sharti ni moja: atakayetaja jina la mtu kuhusu kifo, kikao kinafungwa. Tumejaribu mara mbili kwenye zoni moja. Mara ya kwanza kilifungwa. Mara ya pili kilikwenda mpaka usiku, na deni la mbuzi la miaka miwili likalipwa nusu.

Kitabu kimerudi kwenye kabati la kituo. Anayetaka kukisoma aandike jina lake kwenye daftari la mlangoni, na akirudishe, maana kuna wachungaji wawili wanaosubiri. Kwa mwenye muda mdogo, aanze na sura ya heri na mabaya yanayowapata watu. Ndiyo bora zaidi. Akiimaliza, aulize kwenye zoni yake nani amehama mwaka huu bila kuaga.